Tone Lililobonyeza Ndiyo

Huku Rungwe mvua haibishi hodi.
Inaingia migombani, inaingia mikutanoni,
na mwaka ule wa kikohozi iliingia hata kwenye simu
niliyokabidhiwa Tukuyu kwa sahihi tatu,
simu ya bluu, yenye ufa pembeni
na namba ya serikali mgongoni
kama ng'ombe wa mnada.

Tulifundishwa siku mbili.
Mtu mmoja, maswali kumi na moja.
Ndiyo au Hapana. Hakuna kisanduku cha "sijui",
wala cha "ngoja kwanza mume wangu arudi".
Mwalimu alisema nchi ina watu milioni sitini,
hakuna daftari la kuwabeba,
nyinyi bonyezeni tu, mashine itajumlisha.
Nikawaza: milioni sitini,
nami nina kaya themanini na nne
na buti moja linalovuja.

Basi nikapanda, nikashuka.
Nilisimama uani, hatua nne kutoka mlangoni,
nikipaza sauti kama muuza samaki wa Kyela:
Homa? Kukohoa? Umesafiri?
Bibi Tupokigwe, nilipomuuliza kama bado ananusa,
alisema, "Nanusa. Wewe umekula kande."
Hilo halikuwa na kisanduku.

Mtandao ulikuwa juu ya shamba la chai,
kwenye jiwe moja tu, na si jiwe lote.
Jioni nilikaa pale na mwavuli
nikitazama kaduara kakizunguka, kakizunguka,
kakibeba vifua vya watu wetu
kuvipeleka nisikokujua:
chumba chenye umeme, nadhani,
na mtu anayekunywa chai yetu.

Ijumaa moja, kwa Anyosisye,
mvua ilikuja imelala upande.
Yeye mzima, kapu la chai mgongoni,
Hapana, Hapana, Hapana, huku akicheka.
Swali la nane, kabla kidole changu hakijashuka,
tone likatangulia.
Sikuliona. Nilifuta kioo kwa khanga,
nikaendelea, na jiweni jibu lake likaenda na ya wenzake.

Jumamosi gari jeupe likapanda.
Wawili wakashuka wamevaa plastiki mpaka machoni,
na kijiji kizima kikawa madirishani.
Anyosisye alinitukana kwa Kinyakyusa safi,
matusi ambayo sitayaandika
maana mama yake bado ananisalimia.
"Kupumua kwa shida? Mimi? Nimetoka kupanda kilima na kilo ishirini!"
Nikasema ni mvua. Nikaomba radhi, nikaapa, ni mvua.
Lakini wageni walishafika,
na utaratibu wao ni kupima nyumba nzima.

Mkewe alikuwa chumba cha nyuma.
Atuganile, aliyenijibu Hapana kumi na moja
kutoka nyuma ya pazia, kwa sauti nyembamba,
nami nikazibonyeza zote bila kukosea hata moja.
Kibanio cha kidoleni kikasoma sabini na tisa.
Walimbeba wakikimbia matopeni,
na yule mwanamume mwenye matusi
akakaa juu ya kapu lake, akaiponda chai yote.

Alirudi baada ya siku kumi na tisa,
amebaki macho na shingo.
Aliniletea mkungu wa ndizi. Nikamuuliza kwa nini.
"Ulikuwa unatazama mkononi," akasema.
"Nikaona nikujibu haraka, mvua isikukute."

Tangu siku ile simu ilikaa kwanza ndani ya khanga.
Tuliongea viazi, tuliongea bei ya parachichi,
tuliongea mtoto aliyeko Makongolosi asiyepiga simu,
mpaka kikohozi kijitaje chenyewe.
Kaya nne kwa siku badala ya kumi.
Kutoka wilayani walinitumia ujumbe: *Kasi yako imeshuka.*

Niliirudisha mwezi Juni, kwa sahihi tatu.
Ufa ni uleule. Afisa akaigeuza, akauliza
kama ina tatizo lolote.
Nikasema, ikinyeshewa inajibu yenyewe.
Akaandika: *Mbovu.*